Mwalimu na Elimu ya Kazini kwa Wahudumu wa Wananchi

Mwanachuo anayekaribia kumaliza mafunzo yake huenda akadhani kuwa kazi inayomngoja ni kuwafundisha watoto peke yake. Akishafika shuleni huona upesi kwamba sivyo. Tuseme amepangiwa Kata ya Busi, iliyomo katika Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Atakuta kwamba kijiji humwita mwalimu kwa mambo mengi: kuandika kumbukumbu za mkutano, kusoma barua iliyotoka wilayani, kukagua hesabu za kikundi cha akina mama. Na siku moja atafikiwa na mwenye duka, au msimamizi wa ghala, au mwenye kibanda cha wakala wa fedha kwa simu, naye atamwambia: "Mwalimu, vijana wangu hawajui kuzungumza na wateja. Naomba utufundishie."

Makala haya yana nia ya kumwandaa mwanachuo kwa siku hiyo. Tutaeleza mhudumu ni nani, kwa nini elimu yake haiwezi kuisha siku anapoanza kazi, nchi yetu imejifunza nini juu ya mafunzo ya kazini, na ni njia zipi za kufundishia zinazofaa. Mwishoni tutamrudia mwalimu mwenyewe, kwani yeye naye ni mhudumu wa wananchi, tena wa kwanza.

Mhudumu ni nani?

Kwa neno mhudumu tunamaanisha mtu yeyote ambaye kazi yake humkutanisha uso kwa uso na mwananchi mwenye haja. Mwuza duka anayepima sukari ni mhudumu. Vivyo hivyo karani anayepima alizeti mizanini, mpokea wagonjwa wa zahanati, mtendaji wa kijiji anayegonga mhuri, na kondakta wa basi liendalo Kondoa mjini. Kazi zao ni mbalimbali, lakini zote zina sifa tatu zinazofanana.

Sifa ya kwanza ni kwamba, kijijini, mwenye haja aghalabu hana pengine pa kwenda. Katika mji mkubwa mteja aliyechukizwa hugeuka akaingia duka la pili. Lakini pale ambapo zahanati ni moja na mizani ni moja, mtu huvumilia, au huacha kabisa kuja. Sifa ya pili ni kwamba mhudumu hujua jambo ambalo mwenzake halijui: bei, kipimo, utaratibu, au maana ya maandishi. Sifa ya tatu hutokana na hizo mbili: kosa dogo la mhudumu laweza kuwa hasara kubwa kwa mteja.

Wakati mmoja, katika ofisi ambayo hatutaitaja, tulimwona bibi mmoja mzee akisimama dirishani na karatasi mkononi. Kijana aliyekuwa ndani aliipokea, akaitazama, akairudisha. "Hii haijathibitishwa, bibi. Kaithibitishe kwanza." Bibi akaitikia, "Haya, mwanangu," akatoka nje akaketi chini ya mti. Tulipomwuliza amekwama wapi, alijibu kuwa neno lile hakulielewa, wala hakujua aende kwa nani, na aliona haya kurudi kuuliza. Kilichotakiwa kilikuwa ni mhuri wa mtendaji wa kijiji chake tu. Laiti asingeulizwa, angerudi nyumbani mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na juma lililofuata angekuja tena na karatasi ileile.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya, wala hakumtukana bibi. Alikuwa amefundishwa namna ya kuikagua karatasi, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumweleza mtu asiyeijua. Upungufu wa namna hii ni upungufu wa elimu, na kwa hiyo unatuhusu sisi walimu.

Kwa nini mafunzo ya mara moja hayatoshi

Watu wengi huamini kwamba mhudumu akishaelekezwa kazi siku ya kwanza, basi ameijua. Imani hii ina kasoro tatu.

Kwanza, binadamu husahau. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda mbalimbali. Aliona kuwa sehemu kubwa ya alichojifunza hupotea katika siku ya kwanza, na baadaye kasi ya kusahau hupungua. Aliona pia kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku kadhaa hudumu kuliko kujifunza kwa wingi siku moja. Mwanachuo amekwisha kulisoma jambo hili katika saikolojia ya elimu kwa ajili ya watoto. Lakini akili ya mtu mzima nayo haikuondolewa katika sheria hiyo. Mhudumu aliyehudhuria semina ya siku mbili na asirudie tena mpaka mwaka upite, hubaki na kumbukumbu ya chakula cha mchana na picha ya pamoja.

Pili, kazi hubadilika. Kabla ya mwaka 2008 hakukuwa na wakala wa M-Pesa Tanzania. Huduma hiyo ilipoanza mwaka huo, na nyingine zikafuata, ilizaliwa kazi mpya ambayo hakuna mzee aliyeweza kumrithisha kijana wake. Mwuza duka wa jana amekuwa leo mtunza fedha za watu. Kila mara huja utaratibu mpya, na kila mara huja pia hila mpya za matapeli. Mhudumu asiyejifunza hubaki na majibu ya maswali ambayo hayaulizwi tena.

Tatu, mazoea huua uangalifu. Mpokea wagonjwa aliyejibu swali moja mara elfu huanza kulijibu kwa mkato. Yeye amelisikia mara elfu, lakini mama aliyesimama mbele yake na mtoto mwenye homa analiuliza kwa mara ya kwanza. Mafunzo ya kila mara humsaidia mhudumu auone tena uso wa mtu huyo.

Nchi yetu imejifunza nini

Mwanachuo asidhani kwamba mafunzo ya kazini ni jambo geni lililoletwa juzi. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye alisisitiza kuwa watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuweza kuathiri maendeleo, ilhali watu wazima wanayagusa leo. Mwaka 1973 Waziri Mkuu, Ndugu Rashidi Kawawa, alitoa agizo juu ya elimu ya wafanyakazi, kwamba mahali pa kazi pawe pia mahali pa kujifunza. Vyama vya ushirika navyo vilikuwa na desturi hiyo. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho mwaka 2014 kilipanda kuwa chuo kikuu, kilihusika na kuwafundisha makatibu na makarani wa vyama. Elimu ya ushirika ilitolewa pia kwa njia ya posta, ili mtu asilazimike kuiacha kazi yake ndipo asome.

Mfano uliotukuka zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, na kijitabu cha kufuata. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kuchemsha maji ya kunywa, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Juma lililofuata walikutana tena na kuulizana nani amefanya nini. Hapa pana mambo manne ambayo mwalimu ayashike: kikundi kidogo, muda mfupi, jambo moja kwa wakati mmoja, na kurudi kukagua utekelezaji.

Mfano wa pili unawahusu walimu wenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa lililenga kuwaandikisha watoto wote shuleni, na vyuo vya ualimu havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda uliokuwapo. Hivyo kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakafundisha huku wakijifunza. Walisoma kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakutana na wakufunzi katika maeneo yao, na mwishoni wakamalizia chuoni kwa majuma machache. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Yapo mengi yaliyosemwa juu ya udhaifu wa mpango ule, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini ulithibitisha jambo moja kubwa: mtu aweza kujifunza kazi akiwa ndani ya kazi, mradi awepo wa kumwongoza.

Katika siku zetu wazo hilo limepata sura mpya katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo wengi huyaita MEWAKA. Walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya ya kujifunza, wakatazama tatizo la darasani mwao na kulitafutia dawa. Mwanachuo atakutana nayo akianza kazi. Tunachopendekeza ni kwamba mbegu hiyohiyo yaweza kupandwa dukani, ghalani na zahanati.

Fundisho la milima ya Kondoa

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jinsi mhudumu anavyopaswa kuendelea kujifunza. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa imeharibiwa vibaya na mmomonyoko, hata makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 ulianzishwa Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256.

Majani yalirudi, na miti ikaota tena. Hilo halina ubishi. Lakini nyumba nyingi zilipoteza maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, na nguvu ya ng'ombe. Mwaka hadi mwaka wananchi walieleza hasara hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sera ilianza kulegezwa, na ufugaji wa ng'ombe wachache zizini, wanaokatiwa majani, ukaruhusiwa na kufundishwa.

Tutazame badiliko hilo kwa upande wa mtaalamu aliyekuwa akizunguka vijijini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda ardhi dhidi ya mifugo. Baadaye akatakiwa kufundisha kujenga banda, kupanda majani ya malisho, na kumtunza ng'ombe wa maziwa. Aidha alitakiwa azungumze kama mshauri na watu ambao walikuwa wamemzoea kama askari. Cheti alichopewa alipoajiriwa hakikumtosha kwa kazi hiyo ya pili. Alihitaji kujifunza upya, na sehemu kubwa ya somo lake ilikuwa kwa wananchi wenyewe, ambao walijua kwa nini nyumba bila ng'ombe haina mbolea. Kwa hiyo mwalimu anapopanga mafunzo ya wahudumu asisahau kuuliza: Je, sauti ya mteja itaingia kwa mlango upi?

Njia za kufundishia

Wahudumu ni watu wazima wenye kazi. Hawana saa nyingi, nao wana ujuzi ambao mwalimu hana. Tumeona njia tano zinazowafaa.

Njia ya kwanza ni kutazama kazi. Kabla ya kufundisha lolote, mwalimu aombe ruhusa akae pembeni saa moja, akiangalia wateja wanavyopokelewa. Aandike maneno yaliyosemwa, si hukumu yake. "Alisema, Subiri hapo" ni andiko lenye faida. "Ana dharau" ni hukumu, na haimfundishi mtu kitu.

Njia ya pili ni kisa. Mwalimu huleta tukio fupi lililotokea mahali pengine, bila majina, na kuwauliza wanafunzi wake: Mteja alitaka nini? Alipata nini? Ni neno gani lingesaidia? Kisa cha bibi na karatasi tulichokieleza hapo juu chafaa sana.

Njia ya tatu ni mchezo wa kuigiza. Mhudumu mmoja huwa mteja, mwingine hubaki mhudumu, na wengine hutazama. Kisha hubadilishana. Faida kubwa hutoka pale mhudumu anapokaa upande wa mteja, kwani ndipo anapoonja namna inavyokuwa kujibiwa na mtu asiyekutazama.

Njia ya nne ni kufanya kazi chini ya mwongozo wa mwenzake aliye hodari. Hii ndiyo njia ya kale ya fundi seremala na mhunzi. Kasoro yake ni kuwa mwanafunzi hurithi ujuzi pamoja na makosa ya bwana wake. Kwa hiyo iendane na mazungumzo, ambapo kila hatua huulizwa sababu.

Njia ya tano ni daftari la maswali. Daftari moja huwekwa mahali pa kazi. Kila swali la mteja ambalo mhudumu hakuweza kulijibu huandikwa humo, na kila juma kikundi hutafuta majibu. Baada ya miezi michache daftari hilo huwa kitabu cha kiada ambacho hakuna mchapaji angeweza kukitoa, maana kimeandikwa na mahitaji ya watu wa mahali pale.

Andalio la somo la mfano

Tuchukue kikundi cha wahudumu sita: wawili wa kibanda cha wakala, wawili wa duka, na wawili wa ghala la mazao. Somo ni la dakika 40, jioni baada ya kazi.

Mada: Kumhudumia mteja asiyejua kutumia simu yake.

Lengo: Kufikia mwisho wa somo kila mhudumu aweze kumsaidia mteja kutoa fedha bila kuijua namba yake ya siri, na aweze kumweleza sababu kwa maneno rahisi.

Zana: Simu mbili za kawaida, ubao mdogo, chaki, na daftari la maswali.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu aulize, "Ni mara ngapi juma hili mteja amekutajia namba yake ya siri?" Wengi watacheka, maana jambo hili hutokea. Mzee asiyeona vizuri humkabidhi wakala simu na kumtajia namba kwa sauti, huku foleni nzima ikisikia.

Hatua ya kwanza (dakika 10): Wawili waigize jambo hilo kama linavyotokea kila siku. Mwingine awe bibi, mwingine wakala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwanangu wa Dodoma kanitumia hela. Shika simu, namba yangu ni…"

Hapo mwalimu asimamishe mchezo na kuuliza: Wakala afanye nini sasa? Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yale mabaya.

Hatua ya pili (dakika 10): Kikundi kichambue hatari. Fedha zikipotea kesho, nani atashukiwa? Bibi atakuwa na ushahidi gani? Wakala mwaminifu naye atajiteteaje? Ni muhimu wahudumu waone kwamba kuitunza siri ya mteja ni kujitunza wao wenyewe pia.

Hatua ya tatu (dakika 10): Waigize upya. Safari hii wakala anamzuia bibi kwa upole: "Usinitajie, bibi. Namba hiyo ni kama ufunguo wa sanduku lako, hata mimi sistahili kuujua. Nitakuonyesha pa kubonyeza, nawe utabonyeza mwenyewe. Mimi nitageuka kando." Kila mmoja aigize mara moja, na aseme maneno yake mwenyewe. Katika Kondoa wazee wengi huzungumza Kirangi nyumbani. Basi mhudumu anayekijua akitumie bila kuona haya, kwani lugha inayoeleweka ndiyo lugha ya huduma.

Hitimisho (dakika 5): Kila mhudumu aseme jambo moja atakalolibadilisha kesho asubuhi. Mwalimu aliandike, na siku ya mkutano ujao aanze kwa kuliulizia.

Mwanachuo ataona kwamba somo hili halina hotuba ndefu, nalo halikugusa mambo kumi. Limegusa jambo moja, likalifanyia mazoezi, likaacha ahadi. Juma litakalofuata jambo linaweza kuwa stakabadhi, lingine mizani, lingine namna ya kusema "hapana" bila kumvunja mtu moyo.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuwatendea watu wazima kama watoto. Mwalimu aliyezoea darasa la tatu huweza kusahau akamwamrisha mama wa watoto watano anyanyue mkono. Watu wazima hawatagomba, lakini hawatarudi.

Kosa la pili ni kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Kosa aliloliona mwalimu dukani lisitajwe kwa jina la aliyelitenda. Ligeuzwe kuwa kisa, lipelekwe mahali pa mbali, na mwenyewe atajitambua kimya kimya.

Kosa la tatu ni kufundisha tabasamu badala ya kazi. Yapo mafunzo ambayo humfundisha mhudumu maneno matamu tu: karibu, samahani, asante. Maneno hayo ni mema, na adabu zetu zilikuwa nayo kabla ya semina yoyote. Lakini mkulima ambaye alizeti yake imepimwa kwa mizani mbovu hafarijiwi na "karibu tena." Heshima ya kwanza kwa mteja ni kipimo cha haki na maelezo ya kweli. Lugha njema huja juu ya msingi huo.

Kosa la nne ni kumlaumu mhudumu kwa kosa lisilo lake. Mpokea wagonjwa akiwa peke yake mbele ya watu mia hawezi kuwa mpole siku nzima, hata akifundishwa namna gani. Hapo mwalimu aseme wazi kwa msimamizi kwamba panahitajika mtu wa pili, wala si somo la pili. Elimu isifanywe shuka la kufunikia upungufu wa mambo mengine.

Kupima mafanikio

Mtihani wa maandishi haufai sana hapa. Mhudumu aweza kuandika insha nzuri juu ya upole akiwa mkali kama pilipili. Tunapendekeza vipimo vitatu. Cha kwanza ni kurudi kutazama kazi baada ya mwezi, kwa daftari lilelile, na kulinganisha maneno. Cha pili ni kuwauliza wateja watatu au wanne wanapotoka: Umepata ulichokijia? Umeelewa hatua inayofuata? Cha tatu ni kuangalia daftari la maswali. Yale maswali ya mwezi uliopita yakiwa yamepata majibu na mapya yameandikwa, basi elimu inatembea. Daftari likibaki tupu kwa miezi miwili, mwalimu asifurahi kwamba hakuna maswali. Ajue kuwa watu wameacha kuyasikia.

Mwalimu naye ni mhudumu

Tumeongea sana juu ya wengine, na sasa tujitazame. Mzazi anapokuja shuleni, hasa yule ambaye hakusoma, huja na woga. Huvua kofia mbali, husimama mlangoni pa ofisi, hungoja. Pengine amekuja kueleza kwamba binti yake hatakuja juma hili kwa kuwa mama anaumwa. Pengine amekuja kuuliza kwa nini mwanawe yuko darasa la nne na hajui kusoma. Akijibiwa "Subiri hapo" na walimu wakaendelea na mazungumzo yao, atangoja kidogo, kisha ataondoka. Baada ya hapo, mtoto akianza kukosa shule siku mbili, siku tatu, hatatokea mtu wa kutueleza sababu. Tutaandika tu kwenye rejesta kuwa ni mtoro.

Hapa ndipo hatari ilipo. Bibi yule wa chini ya mti angepoteza siku ya safari. Mtoto ambaye mzazi wake ameogopa kurudi shuleni huweza kupoteza elimu yenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayekwenda kuwafundisha wauza duka namna ya kupokea watu, na aanze na mlango wa ofisi yake mwenyewe. Awe na daftari lake la maswali ya wazazi. Amwombe mwenzake amtazame akizungumza nao. Walimu wa shule waigize, katika jumuiya yao ya kujifunza, mzazi aliyekuja na malalamiko, na mwalimu mkuu naye akubali zamu ya kuwa mzazi.

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu msemo huo siku ya kumaliza darasa la saba, kana kwamba unawahusu wao tu. Unamhusu wakala mwenye kibanda, karani wa mizani, na mwalimu aliyepata cheti chake jana. Mwanachuo atakayeondoka hapa chuoni akiwa na tabia ya kujiuliza kila jioni, "Leo nani amekuja kwangu na haja, naye ameondoka bila kuelewa?", huyo atakuwa amebeba zana ambayo haitamwishia popote atakapopangiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja mahali patatu pa huduma katika kijiji unachokijua. Kwa kila mahali, eleza jambo moja ambalo mhudumu hulijua na mteja halijui.

2. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa makarani wanaopima mazao. Lengo liwe moja tu.

3. "Mhudumu aliyechoka hahitaji somo, anahitaji msaidizi." Jadilini usemi huu kwa kutoa mifano ya pande zote mbili.

4. Wawili wenu waigize mzazi aliyekuja kulalamika na mwalimu anayempokea. Wengine waandike maneno yaliyosemwa, bila kuhukumu, kisha myasome pamoja.